Baiskeli mpya, toleo 0.9

Jamani, nimerudi. Miezi mitatu sijaandika kitu, na sababu imeegemea ukuta wa sebule ikidondosha oili kidogo kidogo kwenye gazeti la juzi. Ni baiskeli. Baiskeli ya mlimani, nimeiunda mwenyewe kipande kwa kipande hapa hapa Migori. Mke wangu anauliza itahamia wapi, nami bado natafuta jibu.

Wale mliokuja kusoma mambo ya programu msiondoke. Tutafika.

Kisa kilianza Machi. Muuguzi alinifunga ule mkanda wa kupimia presha, akapampu, akanyamaza, halafu akarudia. 152 kwa 98. Akaniuliza, "Unafanya kazi gani, baba?" Nikamwambia naandika programu za kompyuta, nyingi za vyama vya akiba na mikopo. "Kwa siku unakaa saa ngapi?" Nikahesabu: kumi na moja, siku nyingine kumi na tatu. Akaandika kwenye kadi bila kusema neno. Daktari ndiye aliyesema: punguza chumvi, sogeza mwili, urudi baada ya miezi mitatu. "Sitaki kukuanzishia dawa na miaka 38," alisema, "lakini namba zikibaki hivi nitakuanzishia."

Nilijaribu kutembea. Siku nne tu. Kutembea kunanipa nafasi ya kufikiria kazi, na nikifikiria kazi narudi mezani. Nikakumbuka kwamba kuna kitu kimoja nilichokipenda tangu utotoni ambacho hakikuruhusu kufikiria kitu kingine, maana ukifikiria kitu kingine unaanguka. Baiskeli.

Baba yangu alikuwa mwalimu, na alikuwa na Black Mamba, ile nyeusi ndefu yenye breki za vyuma na keria inayobeba gunia. Nilienda shule nikiwa nimekaa kwenye ile keria miaka mitatu. Hapa Nyanza baiskeli ilikuwa kila kitu: gari la harusi, ambulensi, lori la samaki. Boda boda zenyewe zilianza kama baiskeli, kule Busia mpakani na Uganda. Halafu serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki zikajaa, na baiskeli ikageuka alama ya mtu ambaye mambo hayajamwendea vizuri.

Mama alipopata habari alinipigia simu. "Nyathina, niliuza ng'ombe usome kompyuta, leo umerudi kwenye ndiga?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia ni ya mazoezi. Akasema jembe lipo.

Haya. Kwa nini niiunde, nisinunue iliyo tayari? Kwanza, mimi ni mtu wa kufungua vitu. Pili, baiskeli mpya za bei rahisi unazoziona zimening'inia madukani zina umbo la baiskeli ya mlimani, lakini spring zake za mbele ni za mapambo. Tatu, kuna mitumba mizuri sana inayoingia nchini kutoka Uingereza, na fremu ya chuma ya miaka ya tisini, kama haijapinda, ni kitu cha kudumu. Nilipata moja pamoja na foki yake kwa shilingi 9,000. Rangi imekwaruzika, chuma ni kizima.

Kosa la kwanza lilikuja haraka. Nilijua magurudumu ya fremu hii ni inchi 26, nikaagiza matairi kwa simu kutoka Nairobi: "Nipe ya 26, jozi." Yakaja kwa basi kesho yake, yameandikwa 26 x 1 3/8. Nikavuta, nikasukuma, nikapaka sabuni. Tairi lilicheza kwenye rimu kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Nikamlaumu muuzaji moyoni kwa saa nzima kabla ya kusoma zile herufi ndogo ubavuni.

Naomba mnivumilie hapa, maana sehemu hii ni tamu kwa watu wa kompyuta. Ile namba ya inchi ni jina tu, haikuambii kipimo cha rimu. Ni sawa na programu ambayo mtu ameita kigezo "umri" halafu ndani ameweka namba ya simu. Kipimo cha kweli ni cha milimita, kwa kiwango kinachoitwa ISO 5775, nacho huandikwa hivi: 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Sasa tazameni:

- Inchi 26 ya baiskeli ya mlimani (26 x 2.1): 559
- Inchi 26 x 1 3/8, yale niliyoagiza mimi: 590
- Inchi 26 x 1 1/2: 584, na hii siku hizi inauzwa kwa jina jipya la 27.5
- Inchi 28 x 1 1/2 ya Black Mamba: 635
- Inchi 29 ya baiskeli za kisasa za mlimani: 622

Umeona mstari wa mwisho? Rimu ya "29" ni ndogo kuliko rimu ya "28" ya baba yangu, kwa milimita 13. Shilingi 2,600 zangu zilienda kununua somo hilo. Nakupa bure.

Na ile 559 yenyewe ina hadithi. Miaka ya sabini, vijana wa kaunti ya Marin kule California walikuwa wanaokota baiskeli kuukuu nzito za Schwinn zenye matairi manene, wanazipandisha mlimani na kushuka nazo kwa kasi. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, na zilipata moto mpaka grisi ikaungua yote. Kila baada ya kushuka ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya, ndiyo maana mashindano yao ya kwanza, mwaka 1976, yaliitwa Repack. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini kipimo cha gurudumu kilibaki kile cha zile kuukuu. Kwa maneno mengine, baiskeli ya mlimani ni kazi ya jua kali. Kisha miaka ya 2010 viwanda vikahamia 29 na 27.5, na 26 ikawa kama toleo la zamani lisilosaidiwa tena. Ulaya wanazitupa. Sisi tunazipokea.

Kwa magurudumu nilikwenda kwa fundi. Kuna mzee mmoja ana kibanda karibu na soko, amerekebisha baiskeli tangu kabla sijazaliwa. Vifaa vyake ni spana chache, nyundo, pampu, na sanduku la mbao lililojaa vyuma ambavyo mtu mwingine angeviita taka. Alichukua rimu mbili za 559 na habu za matundu 36, akasuka spoki huku akiongea na wateja wengine. Alipomaliza aligeuza baiskeli kichwa chini, akazungusha gurudumu, akashika chaki karibu na rimu. Pale chaki ilipogusa ndipo rimu ilipopinda. Anakaza upande mmoja robo mzunguko, analegeza upande wa pili, anazungusha tena. Halafu anagonga spoki kwa ukucha na kusikiliza. Spoki iliyolegea hutoa sauti nzito. Nina rafiki aliyenunua mita ya kupima hiyo kitu. Mzee ana sikio.

Nilimwonyesha kwenye simu krenki niliyotaka kuagiza, ya kisasa, ekseli pana yenye uwazi ndani, nyepesi. Akaitazama, akarudisha simu. "Nzuri. Ikifa, utaipata wapi?"

Nikasema nitaagiza.

"Utaagiza," alisema. "Na siku hizo zote utapanda nini?"

Swali hilo lilinisumbua usiku kucha, maana ni swali ninalowauliza wateja wangu. Chama kidogo kinakuja kinataka mfumo mkubwa uliojengwa kwa zana zilizotoka mwezi jana, nami nawaambia: siku nikiwa nimelala hospitali, nani hapa mjini ataweza kuufungua na kuurekebisha? Nimewaambia watu hivyo kwa miaka. Kwa baiskeli yangu mwenyewe sikufikiria.

Basi nikaweka kanuni moja: kila kipande kiwe kile ambacho fundi wa Migori anaweza kukibadilisha siku hiyo hiyo. Krenki ya ekseli ya mraba, ile ya kawaida. Breki za waya, si za mafuta. Friwili ya kufungwa kwa skrubu, gia saba. Mbele meno mamoja tu, 32, bila mambo ya kuhamisha cheni kule mbele. Wenye Buffalo, zile baiskeli za World Bicycle Relief iliyoanzishwa mwaka 2005, walifikiri hivyo hivyo: chuma kizito, breki ya kukanyaga nyuma, keria ya kilo 100, na waya wa breki haupo kabisa wa kukatika.

Gia nilizipima kwa programu fupi ya mistari kumi na miwili. Hesabu ni rahisi: meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa tairi, ambao kwangu ni mita 2.07. Gia nyepesi, 32 kwa 34, inakupa mita 1.95 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 kwa saa, polepole lakini unapanda kilima umeketi. Gia nzito, 32 kwa 14, ni mita 4.73, na kwa mizunguko 80 unafika karibu kilomita 23 kwa saa. Kwa mtu wa presha, inatosha.

Gharama, maana najua mtauliza:

- Fremu na foki: 9,000
- Magurudumu mawili pamoja na ufundi: 7,500
- Matairi na tyubu (yale sahihi): 4,800
- Krenki, ekseli ya katikati na cheni: 4,200
- Friwili na vifaa vya gia: 3,900
- Breki na waya: 2,300
- Usukani, kiti na pedeli: 3,500

Jumla 35,200. Ongeza zile 2,600 za ujinga, 37,800.

Sasa nakiri. Mzee aliniambia nilete fremu tuunganishe vyote pamoja pale kibandani. Nilikataa. Nilikuwa nimetazama video, nilitaka kuweza kusema nimeunda mwenyewe. Nikaunganisha usiku nyumbani, stima ikapotea, nikaendelea kwa tochi ya simu. Pedeli zilikuwa mwisho. Ya kulia ikaingia vizuri. Ya kushoto ikawa ngumu, nikatia grisi, nikaegemea spana kwa uzito wangu wote. Ikakaza. Nikalala kwa furaha.

Asubuhi nikatoka nayo kwa majaribio. Vijana wa pikipiki pale stendi wakaanza: "Injinia! Gari limeuzwa?" Nikacheka nao, nikashuka kuelekea daraja la mto Migori. Breki zilishika, gia ziliruka kidogo tu, upepo usoni, nikajisikia mtoto. Nikavuka daraja, nikaanza kupanda upande wa pili. Barabara hiyo ndiyo A1, ile inayotoka Isebania mpakani na Tanzania, na nyuma yangu kulikuwa na trela linapanda kwa gia ndogo. Nikasimama juu ya pedeli nimpishe haraka.

Pedeli ya kushoto ikachomoka.

Hakuna onyo. Mguu unakanyaga hewa, mwili wote unafuata. Nilianguka kushoto, kwenye kokoto kando ya lami, goti na kiwiko vikachubuka. Trela likapita. Dereva akapiga honi, na sauti ile niliisikia mwilini muda mrefu baada ya yeye kupotea. Nilikaa pale kwenye kokoto nikifikiria kitu kimoja tu: ingekuwa pedeli ya kulia, ningeangukia upande wa pili.

Kosa lilikuwa hili. Pedeli mbili za baiskeli hazifanani. Ya kulia ina skrubu ya kawaida, ya kushoto ina skrubu ya kinyume, kwa sababu mzunguko wa kukanyaga ungeilegeza kidogo kidogo kama ingekuwa ya kawaida. Zina alama, R na L, ndogo sana mwishoni mwa ekseli, na zangu zilikuwa zimefunikwa na grisi niliyopaka mwenyewe. Nilikuwa nimebadilisha pande. Kulia, kumbe, ilikuwa imeshika nyuzi mbili tu, nikadhani imeingia vizuri. Kushoto niliilazimisha kwa nguvu, na ekseli ya chuma ikazikata nyuzi za krenki ya alumini. Kile nilichokihisi kama kukaza kilikuwa kukata.

Njia ya kukumbuka ni hii: pande zote mbili, spana ikiwa juu, unakaza kuelekea gurudumu la mbele. Ikikataa kwa vidole, usiilazimishe. Toa, tazama.

Nilisukuma baiskeli mpaka kwa mzee. Nilitegemea anicheke. Aliniambia nikae, akamtuma mtoto maji ya kuosha goti, ndipo akatazama krenki. Kulia nyuzi zilikuwa zimepona. Kushoto zilikuwa zimekwisha. Akafungua lile sanduku la mbao, akachakura, akatoa mkono wa krenki wa kushoto, wa chuma, mweusi, kutoka baiskeli iliyokufa zamani. Tundu la mraba. Akaupachika kwenye ekseli, akakaza boliti, akachukua pedeli yenye L na kuizungusha kwa vidole viwili mpaka mwisho. Shilingi 300.

"Omera," alisema, "hata wewe unapoandika hiyo kompyuta yako, hakuna mtu wa kuangalia?"

Yupo. Kazini sipeleki mstari mmoja kwa mteja kabla mwenzangu hajausoma. Ni sheria niliyoiweka mwenyewe. Kwa kitu ambacho kingebeba mwili wangu mbele ya trela, niliona aibu kumwonyesha mtu.

Na kama ningeagiza ile krenki ya kisasa? Hapo kwenye sanduku kusingekuwa na kitu. Baiskeli ingekaa sebuleni wiki tatu, na mimi najijua: ningerudi mezani.

Baada ya hapo nimepanda karibu kila asubuhi. Kwanza kilomita tano, halafu kumi, halafu ishirini. Wiki iliyopita, Jumamosi, nilijaribu safari niliyoitaka tangu mwanzo: Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji. Niliondoka saa kumi na moja na nusu, taa mbele, tyubu mbili za akiba na viraka mfukoni. Lami kwanza, murram baadaye, halafu njia za ng'ombe. Nyatike ni nchi ya miiba na udongo mweusi ambao ukilowa unajaza tairi mpaka gurudumu linagoma. Nilishukuru hakukuwa na mvua. Nilipita vijana wakisaga mawe ya dhahabu, wakanipungia mkono. Pancha mbili, zote za miiba. Saa tano nilikuwa nimefika, miguu inatetemeka.

Kwa wasiopajua: ni boma kubwa la kuta za mawe, ambalo inadhaniwa lilijengwa karne ya 16, na UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zinafika zaidi ya mita nne sehemu nyingine. Hakuna udongo wala saruji kati ya mawe. Kuna safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yanayofunga hizo mbili. Jamii mbalimbali zimekaa humo kwa zamu kwa karne nyingi, na ukuta ulipolegea waliokuwepo waliurudisha kwa mawe yale yale, kwa mikono. Niliegemeza baiskeli kwenye mti, nikakaa kivulini nikala ndizi nikizitazama. Nilirudi nayo imefungwa juu ya Probox. Bado mimi ni toleo la majaribio.

Jana nilikwenda kliniki. 138 kwa 88. Daktari amesema bado si nzuri, ila dawa tumeahirisha miezi mitatu mingine. Mama amesikia, akaniuliza kama ile ndiga inaweza kufungwa keria.

Yaliyobaki kurekebishwa: breki ya nyuma inalia ikilowa, kiti kinashuka kidogo kidogo baada ya kilomita ishirini, na gia ya tatu inaruka. Kesho naipeleka kibandani, na safari hii nitakaa nitazame. Keria pia. Ikibeba mama yangu bila kulalamika, nitaiita 1.0.

Haya, tuonane. Na kama uko Migori, una rimu ya 559 imelala bila kazi, tafadhali usiitupe.